Tembe la Kwihara: nyumba ya liwali, mashahidi wachache

Wageni wakishuka Tabora na nusu siku ya kungoja treni, swali lao huwa moja: hapa kuna nini cha kuona? Vijana huwapeleka stendi wakale kuku. Mimi huwaelekeza Kwihara, kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, alilokaa Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti, mwaka 1872, na kabla yake Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta. Nimesoma maoni ya wapita njia kuhusu mahali hapa. Wengine wanasema ni nyumba tupu, usijisumbue. Wengine wanasema historia tele, nenda. Wote wamekurupuka kutoa hukumu kabla ya kusikiliza shauri.

Nasema hukumu kwa sababu nimestaafu ukarani wa mahakama ya mwanzo. Maisha yangu ya kazi yalikuwa kufungua majalada, kuita wadaawa kwa sauti pale mlangoni, kubandika namba kwenye vielelezo, na kuwatuliza wazee wa baraza ambao hakimu amechelewa. Ugonjwa huo haujaniacha. Nikiingia makumbusho yoyote, nauliza kwanza: hapa nani ametoa ushahidi, na nani kaachwa nje anangoja kuitwa?

Safari yenyewe ni fupi. Kwihara iko kusini-magharibi mwa mji, kilomita chache tu, na bodaboda yeyote aliyezaliwa hapa anapajua ukisema "kwa Livingstone". Patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, na umwambie akungojee, maana kule hutapata usafiri kila dakika. Yule aliyetupeleka sisi alikubali kungoja, kisha tulipotoka akadai kungoja ni hesabu nyingine. Mjukuu wangu, yuko kidato cha pili, akataka kubishana naye. Nikamwambia, "Mwache, baba, hii ndiyo hongo ya njia, ushuru wa kupita, hata Stanley alilipa." Nenda kiangazi ukiweza. Masika, njia ya udongo ina mambo yake, na kiangazi ina vumbi, lakini vumbi hufutika. Ukienda mwishoni mwa mwaka utakuta maembe. Miembe ya Tabora ni alama ya misafara ya zamani, Waarabu waliipanda walikokaa, na mpaka leo ukiona safu ya miembe mikubwa katikati ya pori ujue palikuwa na watu.

Nyumba utaiona kabla hujafika: kuta za rangi nyekundu iliyokolea, paa bapa, na mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa pwani. Simama kwenye huo mlango kwanza, usiharakie ndani. Fikiria mtu wa Unguja anayejenga kwa udongo na miti ya miombo, mwendo wa miezi mitatu kutoka bahari, na bado anataka mlango wake uwe wa mjini. Mlango ule unakwambia wenyeji wa nyumba walijiona nani kuliko karatasi zote zilizotundikwa ndani.

Ndani ni tembe kama matembe yalivyo. Kuta nene, vyumba vyenye giza na ubaridi mzuri, ua katikati. Jua la saa nane linachoma nje, wewe humo ndani unataka kujifunika kanga. Mjukuu alisema bati la nyumbani kwetu lije kujifunza hapa.

Nitaje jambo ambalo wengine hulikuta baadaye wakanuna: kuta hizi si udongo uleule wa 1872. Paa la udongo lisipotengenezwa baada ya kila masika hushuka, na nyumba hii ilijengwa upya katika karne iliyopita kwa sura ya ile ya kwanza. Kuna mtu alinilalamikia kwamba ametapeliwa, ameoneshwa nyumba bandia. Sikubaliani naye. Mahakamani tulipokea nakala ya hati kila siku, mradi iwe imetolewa kwa uaminifu na ikasema yenyewe kuwa ni nakala. Mwelekezaji wetu, kijana mtaratibu aliyeniamkia shikamoo kabla ya kunikatia tiketi, alilisema hilo mapema bila kuulizwa. Kwangu imetosha. Mahali ni penyewe, na mahali ndipo pana uzito.

Sasa tuje kwenye shauri.

Nyumba hii inaitwa ya Livingstone, lakini Livingstone alikuwa mpangaji. Kwihara ndiko alikokaa Said bin Salim, liwali wa Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, mtu wa Sultani wa Zanzibar katika nchi ambayo haikuwa ya Sultani. Nchi ilikuwa ya mtemi wa Unyanyembe, na wakati huo mtemi alikuwa Mkasiwa, ambaye Waarabu walimsaidia kukalia kiti baada ya kumwondoa Mnywa Sele. Kwa hiyo hapa palikuwa na mamlaka mbili zinazotazamana: liwali wa wafanyabiashara na mtemi wa wenye nchi. Kwa mtu wa mahakama hilo ndilo jambo tamu kuliko yote. Mpagazi akidai ujira wake, anakwenda kwa nani? Msafara ukiharibu shamba la mtu, nani anaamua? Nilimuuliza kijana, akacheka, akasema wageni humuuliza zaidi Stanley alilala chumba kipi.

Alilala, ndiyo. Alifika Kwihara tarehe 23 Juni 1871 akitokea Bagamoyo, akanasa kwenye vita, akaondoka tarehe 20 Septemba kwa njia ya kuzunguka kusini. Vita yenyewe ilikuwa ya Mirambo, mtemi wa Urambo, na hapa ndipo nataka wasomaji wa Tabora na Urambo mnisikilize.

Habari za Mirambo tulizozizoea vitabuni zimeandikwa na waliokuwa upande wa pili. Hata Stanley mwenyewe, ambaye alipigana upande wa Waarabu, aliandika kisa kilivyoanza: msafara uliokuwa ukienda Ujiji ulisimamishwa, ukadaiwa mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Ulipolipa, ukaambiwa urudi ulikotoka, maana Mirambo amefunga njia. Hiyo ndiyo hati ya mashtaka. Utetezi uko wapi? Mirambo alikuwa na malalamiko yake dhidi ya wafanyabiashara waliojifanya wafalme kwenye nchi za watu, wakiweka mtemi huyu na kumwondoa yule. Agosti ile Waarabu walimfuata, wakashinda kwanza, kisha akawavizia wakirudi na nyara, na tarehe 22 akaingia Tabora na kuichoma. Stanley akabaki Kwihara akitoboa kuta za tembe matundu ya kupigia bunduki, akingoja zamu yake. Mirambo hakuja. Bibi yangu mzaa mama, aliyetokea upande wa Urambo, akisikia jina la Stanley alikuwa anasonya tu. Hakuwahi kueleza zaidi ya msonyo.

Livingstone na Stanley walirudi pamoja kutoka Ujiji, wakaingia Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Kuna kisa cha stoo ambacho kila mtu wa Tabora atakielewa bila kuelezwa: walipofungua mizigo ya mzee iliyokuwa imehifadhiwa, mchwa walikuwa wamekula mbao za bunduki, mitutu imebaki na kutu yake. Mchwa wetu hawajabadilika. Nimewahi kufungua kabati la majalada nikakuta kesi nzima ya ardhi imeliwa, mdai na mdaiwa wakabaki kutazamana.

Kisa kingine ni cha barua. Stanley alikuta Kwihara mfuko wa barua za Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870, ndiyo siku ya kutoka Zanzibar, nao ulikuwa umelala tu Unyanyembe. Akaondoka nao kwenye msafara wake hadi Ujiji, na mzee akaupata mwaka mmoja baada ya tarehe ile. Mjukuu wangu ambaye ujumbe wake ukichelewa dakika mbili anauliza kama nimemkasirikia, alisimama hapo muda mrefu.

Stanley aliondoka tarehe 14 Machi. Livingstone akabaki akingoja wapagazi ambao mwenzake ameahidi kumpelekea kutoka pwani. Akangoja mpaka Agosti. Miezi hiyo ndiyo roho ya nyumba hii, na bahati nzuri ndiyo inayoelezwa vizuri. Alisoma, aliandika, alitengeneza jibini kwa ajili ya safari, ikachachuka kidogo kwa joto. Na tarehe 1 Mei 1872, humu humu, aliandika barua kwa gazeti la New York Herald kuhusu biashara ya watumwa, akiwaombea baraka za mbinguni wote watakaosaidia kuponya kile alichokiita kidonda cha dunia, awe Mmarekani, Mwingereza au Mturuki. Mwaka uliofuata, karibu siku hiyohiyo, alikufa kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Maneno yale yakachongwa kwenye jiwe la kaburi lake Westminster Abbey. Kwa hiyo sentensi iliyo kaburini London ilitoka kwenye chumba cha udongo Kwihara. Mimi ningeiandika kwa herufi kubwa mlangoni, mgeni aisome kabla ya kitu chochote.

Na kitendawili chake kisipitwe. Mtu anaandika dhidi ya biashara ya watumwa akiwa kwenye kitongoji cha wafanyabiashara ya watumwa, wanaomletea maziwa na kumjulia hali. Nyumba hailifichi hilo. Mwelekezaji wetu alilieleza bila kupaka sukari na bila kupiga kelele, akatukumbusha kwamba Kwihara imetajwa, pamoja na Bagamoyo na Ujiji, kwenye ile njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu ambayo Tanzania iliiweka mwaka 2006 kwenye orodha ya kusubiri urithi wa dunia. Alipewa heko na mimi, na heko zangu ni adimu, waulize waliofanya kazi chini yangu.

Ninaodai waitwe ni hawa.

Halima. Alikuwa mpishi wa Livingstone, na mzee mwenyewe aliandika akiwa hapa kwamba anataka kumpa uhuru wake na kumnunulia nyumba yenye bustani Zanzibar. Ahadi ya maandishi, yenye mwandishi na mahali! Livingstone akafa kabla ya kuitimiza. Halima alikuwa miongoni mwa waliorudi na maiti yake kuelekea pwani. Mahakamani hiyo ingekuwa shauri la mirathi la kuvutia watu mpaka dirishani.

Chuma, Susi na Jacob Wainwright. Hawa, watumishi wa Livingstone waliobeba maiti yake, wanajulikana, lakini kilichowapata hapa Unyanyembe hakisemwi inavyostahili. Walifika na maiti Oktoba 1873, miezi mitano njiani, wakamkuta Mwingereza mwingine, Cameron, hoi kwa homa. Cameron akawashauri wamzike hapahapa, yaishe. Wakakataa. Akafungua mizigo ya marehemu akachukua vipimo vyake vya safari, nao hawakuweza kumzuia. Mbele ya safari, karibu na Kasekera, waliposikia watu hawataki maiti ipite kwao, walifunga mzigo wa uongo, wakautuma urudi Unyanyembe kana kwamba wamekubali kumzika, na maiti wakaifunga kama robota la kawaida la nguo. Robota likapita. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Jamani, huo ndio ujanja wa wapagazi wa nchi hii, na ni hadithi nzuri kuliko ile ya Stanley kumvulia Livingstone kofia walipokutana Ujiji.

Na wapagazi wenyewe, wale wasio na majina. Wanyamwezi walibeba nchi hii mabegani. Pembe, nguo, shanga, na mzungu mgonjwa juu ya machela, mzigo wa kilo thelathini na zaidi kwa kila mtu, toka hapa hadi bahari. Wanawake walikwenda pia, na watoto mgongoni. Kuna familia hapa mjini ambazo babu wa babu yao alikwenda pwani hivyo, na bado wana wimbo au jembe la zamani la kuonesha. Hayo yako majumbani kwetu, hayako Kwihara.

Niseme kwa nini hili linanigusa. Babu yangu mzaa baba alikuwa mzee wa baraza kwenye mahakama ya mtemi, enzi za Mwingereza. Jengo lilikuwa dogo, sakafu ya saruji iliyopasuka, benchi mbili za kushoto na kulia, meza moja yenye kitambaa cha kijani, na mwembe nje ambako mashahidi walingoja wakila karanga. Tulipokuwa wadogo tulitumwa kumpelekea chakula, ugali na mboga ya nsansa iliyotiwa karanga, tukachungulia dirishani. Nilikuwa namwona babu hasemi kitu saa nzima. Halafu anauliza swali moja, na yule aliyekuwa anasema kwa madaha anaanza kujikuna shingo. Mwaka 1963 utemi ukafutwa kisheria, mahakama zile zikapisha mahakama za mwanzo, babu akarudi kulima tumbaku. Mtemi wa Unyanyembe, Abdallah Fundikira, alikuwa amekwishakuwa waziri wa sheria wa kwanza wa Tanganyika huru, kisha akajiuzulu. Watoto wa shule za hapa ukiwauliza hilo, wanakutazama tu. Jengo la babu lilitumika miaka mingi kama ghala la pamba na mbolea, na sasa umebaki msingi na ule mwembe. Hakuna kibao. Hakuna aliyefika kutoka Ulaya akalala humo, kwa hiyo halikujengwa upya.

Ndiyo maana siwezi kuidharau nyumba ya Kwihara, na ndiyo maana naidai zaidi. Ipo. Ina paa, ina mlango, ina kijana anayejua kazi yake. Tembe lingine la mwenye nchi liko wapi? Ngome ya mtemi Isike, mwana wa Mkasiwa, ilishambuliwa na Wajerumani Januari 1893, na Isike alipoona wameingia akaiwasha baruti yake kuliko kukamatwa. Boma la Mjerumani lenyewe lipo mjini hadi leo, lakini ni eneo la jeshi, usije ukanyanyua simu kupiga picha ukaniletea kesi ya kweli. Kwihara ndiyo nyumba pekee ya wakati ule ambayo raia wa kawaida anaingia kwa tiketi na kuuliza maswali. Basi ibebe na ya wengine.

Mambo madogo ya mgeni. Beba maji ya kunywa. Vyumbani mwanga ni hafifu, na maandishi ya baadhi ya nakala za barua ni madogo, wazee wenzangu msisahau miwani. Usije saa za mbio. Saa moja na nusu ndiyo kiasi, maana mwelekezaji akiona unasikiliza atakuongezea. Muulize kaburi la Shaw, Mwingereza aliyefuatana na Stanley, akaugua, akarudishwa Kwihara na kufia hapa. Walimu, msiwalete watoto mia kwa mpigo. Ua ni mdogo, na aliye nyuma atasikia kikohozi tu. Leteni darasa moja, na muwape swali kabla ya kuja.

Kwenye kitabu cha wageni, sehemu ya maoni, watu wengi wameandika "pazuri" na sahihi. Mimi niliandika majina: Halima, Mkasiwa, Mirambo, Mnywa Sele, na nikaomba yapate ukuta wao. Mjukuu aliandika chini yangu kwamba apewe na yeye nakala ya hati ya mashtaka ya Mirambo, anataka kumtetea kwenye mdahalo wa shule. Kijana wa mlangoni akasoma, akaniuliza kama ningekubali kurudi siku moja kueleza habari za baraza la babu kwa wageni wa shule. Nimemwambia nakubali, ila nikalipwa nauli ya bodaboda, na ya kungoja pia.

Njaa ikikukamata ukirudi, usitafute chipsi. Ulizia sokoni mama wa nsansa, na ukiona michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nunua ya kutafuna kwenye treni. Asali utauziwa kila kona. Tia kidole uonje kwanza, anayekataa uonje mpite.